Mchaichai wa Mama Zuhura

Ofisini kwetu Posta, saa nne asubuhi, dada wa chai hupita na birika lake, na siku akitia mchaichai mimi humwambia sinywi, tumbo langu halipatani nao. Uongo mtupu. Naupenda mchaichai kuliko chochote mtu anachoweza kutia kwenye maji ya moto. Lakini ile harufu ikishafika mezani kwangu, mafaili yote hunipotea, nabaki mtoto wa darasa la tano nimesimama kwenye korido ya nyumba yetu ya Kariakoo, sahani mkononi. Leo ngoja niwaambie ninyi, maana mama yangu mpaka leo sijamwambia.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, wapangaji sita, bomba moja uani. Siku hizi pana ghorofa hapo, chini wanauza mapazia. Sisi tulikaa chumba cha mbele, na baba aliuza vitenge mtaa wa pili. Chumba cha mwisho, karibu na bomba, alikaa Mama Zuhura na bintiye Zuhura, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja shuleni. Baba yake Zuhura alikuwa amefariki, na mama yake alikwenda Upanga kufulia watu nguo. Siku nyingine kazi ilipatikana, siku nyingine alirudi mikono mitupu.

Mama hakuwahi kumuuliza kitu. Akipakua chakula, alipakua na sahani moja ya ziada, ile yenye maua ya buluu, akaifunika kawa na kunikabidhi.

"Peleka kwa Mama Zuhura. Na usisimamesimame na watu njiani."

Njia yenyewe ilikuwa hatua kumi na tano za korido, lakini mama alikuwa na imani yake: mtu husitiriwa, hatangazwi. Na sahani ya jirani hairudi tupu, hilo kila mtu pale nyumbani alilijua. Mwenye nacho alirudishia maandazi, mwingine embe mbili. Mama Zuhura alirudishia mchaichai. Alikuwa ameuotesha kwenye kopo la rangi mlangoni kwake, na kila sahani yetu ilirudi imeoshwa ikang'aa, juu yake majani manne matano yamefungwa fundo kwa ustadi. Mama aliyapokea kwa mikono miwili. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Watu wamekula wali na samaki, wanarudisha majani!

Sasa, Zuhura alikuwa kinara wa Kiingereza darasani. Kwa ajili hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kubeba madaftari kuyapeleka ofisini kwa walimu, na kwetu sisi hicho kilikuwa cheo cha kumfanya mtu atembee kifua mbele. Nilikitamani kile cheo mpaka nikakiota. Tulipoanza somo la kulinganisha vitu kwa Kiingereza nikawa sielewi hata kidogo, na ni Zuhura huyohuyo aliyenikalisha uani, akapanga sufuria za mama yake chini, kubwa na kubwa zaidi, akanirudishia mara tano bila kuchoka mpaka nikashika. Ningemshukuru. Badala yake nililala na kijicho changu nikaamka nacho.

Kesho yake mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia na chaki mpya.

"Leo sitaki kusikia tembo ni mkubwa kuliko panya," alisema. "Tembo na panya nimechoka nao. Nataka watu mnaowajua, na hali zao."

Watoto wakajikuna vichwa. Mmoja akasema baba yake ni mnene kuliko mjomba wake, tukaangua kicheko. Mimi nikanyoosha mkono nusura nipande juu ya dawati, nikasimama, nikasema kwa sauti: "Our plate is fuller than Zuhura's plate."

Mwalimu hakujua habari zozote za sahani. Alifurahi. "Safi sana! Hiyo ndiyo sentensi yenye maisha," akaiandika ubaoni. Kisha akamwangalia kinara wake. "Zuhura, watafsirie wenzako."

Zuhura alisimama. Akaitafsiri yote bila kupunguza neno: sahani yetu imejaa kuliko sahani ya kina Zuhura.

"Kwani kina Zuhura wanakula nini?" akauliza mtu nyuma.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani, nikageuka nikajibu mwenyewe: "Tunawapelekea sisi. Wao wanaturudishia majani."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu aligonga meza kwa nguvu, ila maji yakimwagika hayazoleki. Zuhura aliketi, akasogeza daftari lake mbali na langu. Hakulia. Siku ile Zuhura hakuinuka kuyachukua madaftari, nikayabeba mimi, na nina aibu kuwaambia kwamba niliyabeba kwa furaha.

Jioni, ile sahani ya maua ilikuwa bado haijarudi tangu jana, kwa hiyo mama alipakua kwenye nyingine. Nikabisha hodi, Mama Zuhura akafungua mlango nusu.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama ahsante sana. Leo tumeshakula."

Nyuma yake niliona jiko la mkaa limefagiwa, halina hata jivu. Zuhura alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Nikageuza na sahani yangu, na kwa mara ya kwanza ikarudi imejaa.

"Kuna nini?" mama aliuliza. "Umekwenda kusema nini huko?"

"Sijasema kitu, mama."

Alikwenda yeye mwenyewe, akarudi nayo vilevile. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Mwisho wa mwezi Mama Zuhura alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni, wakahamia Buguruni. Mimi nilijifungia chooni, nikasikiliza magurudumu mpaka yakaisha. Nilipotoka, mama alikuwa amechuchumaa mlangoni kwetu. Sahani ya maua ya buluu ilikuwa chini mbele yake, imeoshwa ikang'aa, na juu yake mchaichai mzima, na mizizi yake, umefungwa kitambaa chenye maji.

"Wametuachia mpaka shina," mama alisema, akalia.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba chai niliyokunywa kila asubuhi kabla ya kwenda shule ilitoka kwenye lile kopo, na kwamba yale majani ndiyo yaliyomwezesha Mama Zuhura kupita mbele ya mlango wetu bila kuinamisha uso. Mimi nilimnyang'anya hata hayo, tena kwa Kiingereza nilichofundishwa na mwanawe.

Mama sasa ni mzee, anakaa kwa kaka yangu, na ule mchaichai alihama nao. Nikienda kumsalimia hunichemshia chai yake. Juzi alinimiminia, akakaa, akaniuliza tena:

"Hivi kina Zuhura tuliwakosea nini?"

"Sijui, mama," nikasema.

Kwake siwezi kusingizia tumbo. Nilikunywa kikombe chote, akaniongezea.