Mgongo wa Mwalimu Herman

Ukifundisha shule ya msingi Ushirombo miaka thelathini na nne, hakuna utakakokwenda usiitwe mwalimu. Muuza dagaa ulimfundisha, polisi ulimfundisha, hata aliyemchimbia mumeo kaburi ulimfundisha kushika penseli. Ni heshima kubwa, nani atabisha? Ila jaribu kuumwa ugonjwa usiotajika mbele za watu, ndipo utajua heshima inavyobana.

Bernadina alijua. Yeye na mumewe Herman walistaafu ualimu wote wawili, wakabaki na kadi zao za bima ya afya. Mwaka wa pili wa kustaafu, Herman akaanza kushinda kitandani ameelekea ukutani, hasemi, shambani haendi. Wakaenda hospitali. Kwenye dirisha la mapokezi alikaa Jenifa, waliyemfundisha wenyewe hadi darasa la saba, na nyuma yao foleni ya watu wanaowafahamu.

"Mwalimu, tuandike nini?"

Herman akasema mgongo. Akapewa dawa za mgongo, na kila mwezi wakarudia uongo uleule. Nyumbani walishakubaliana kwamba bima hailipii mambo ya akili. Hakuna aliyewaambia hivyo, lakini kuuliza kulitaka kutaja. Mwishowe Herman aliacha kula. Alizikwa Februari ya mwaka jana.

Bernadina hakulia, na watu wakamsifu kwa imani yake. Imani gani? Hakuhisi kitu, basi. Njaa hakuihisi, na kwaya ya kanisani aliisikia tu ikipita. Aliamka, akafagia, akakaa. Mahindi yalikauka shambani huku anayatazama. Binti yake Mektilda, anayeuza vitenge Rwamgasa, alipokuja na kumkuta na kanga ileile aliyomwacha nayo wiki mbili nyuma, hakuomba ruhusa.

"Mayu, inuka twende hospitali."

Dirishani Jenifa akamwamkia. "Shikamoo mwalimu. Leo tuandike nini?"

"Marahaba. Mgongo." Lilimtoka lenyewe.

Daktari Donatus alikuwa mtu wa kuja, hakufundishwa na mtu yeyote wa Ushirombo. Akambonyeza uti wa mgongo kuanzia juu. "Hapa panauma, mama?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Hapaumi, daktari. Hakuna panaponiuma. Hata nilipomzika mume wangu hapakuniuma."

Daktari akaacha kubonyeza, akavuta kiti. Akamuuliza habari za usingizi, chakula, na kama anatamani kufa. Kwa hilo la mwisho Bernadina akajibu kwamba hata kutamani kumemshinda. Daktari akamwambia ugonjwa huo unaitwa sonona, una dawa, na kila Alhamisi yupo mtaalamu wa kuzungumza naye.

"Bima haitoi hayo," Bernadina akasema.

"Inatoa, mama. Kadi yako hii hii."

"Tangu lini?"

"Mimi nina mwaka wa sita hapa, na niliikuta inatoa."

Herman alikuwa na kadi kama hiyo mfukoni mwa shati, kila mwezi. Bernadina aliingoja hasira ije, haikuja. Alitazama mikono yake mapajani, akashangaa ni ya nani.

Alirudi dirishani na karatasi ya daktari ili maelezo yabadilishwe. Jenifa aliisoma, kisha akasogeza uso karibu na tundu la kioo.

"Mwalimu, mimi nilijua," akasema taratibu. "Mwalimu Herman hakuwa anaumwa mgongo. Na nilijua bima inalipia. Niliogopa. Ningemwambiaje mwalimu wangu kwamba anaumwa akili?"

Foleni ilisubiri. Bernadina alimtazama mtoto huyu aliyemfundisha kwa fimbo kwamba mkubwa hasahihishwi. Alikuwa ameshika somo vizuri mno. Hilo likamuuma kwelikweli, la kwanza kumuuma tangu Februari ile.

"Andika sonona," akasema, foleni nzima ikasikia. "Na akija mwalimu mwingine akakwambia mgongo, Jenifa, muulize."