Walionitaka Niwaimbie Matanga Yao

Siku ya kwanza kazini sikushika gitaa. Nilipewa chupa ya soda na msumari. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila baa ya Kakamega ilitaka muziki. Mpiga chupa hukwaruza mdundo ili gitaa lisipotee njia. Kiongozi wa bendi alinitazama, akasema, "Wewe na sekondari yako, usifikiri. Kwaruza."

Nilikuwa mtu wa kukaa karibu na chungu cha mama. Hata leo wajukuu wananiita paka wa jikoni. Lakini Kiongozi alipougua koo nikaimba mimi, na kutoka Malinya hadi Shinyalu wakanijua. Tuliitwa sana matangani. Huko mwimbaji humtaja marehemu na ukoo wake, waombolezaji wakaitikia. Kiongozi alinionya: "Huo wimbo ni wa aliyelala. Aliye hai msifie fahali wake."

Akaja Mama Teresia, mjane wa Shinyalu, asiyekosa onyesho hata moja. "Mwanangu, niimbie matanga yangu nikiwa nasikia. Nikishakufa watu wanadanganyanga tu."

Nilijua ni mwiko. Ila kubembelezwa kunapendeza, hasa kwa mwenye sura kama yangu. Nikamwimbia. Akajililia, akaenda zake akitabasamu.

Jumamosi iliyofuata alileta wenzake. Hawakucheza. Walikaa kimya mchana kutwa, vitambaa kichwani, kila mmoja akingoja jina lake, nami nikawaimbia. Baa ilijaa, na Kiongozi akaacha kunionya. Asubuhi moja tuliwakuta uani kwetu wakifagia, kama inavyofanywa penye msiba.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

"Bado," wakajibu.

Majirani wakaanza kunificha majina ya watoto wao. Nikipita, waliokuwa wakiitana walinyamaza.

Mama alipofariki, hakuna jirani aliyekuja. Walikuja wale wa Mama Teresia tu, wakachimba kaburi. Nilipoimba jina la mama nikasita, nikingoja waitikie. Kuimba matanga bila waitikiaji ni kama kuongea ndani ya mtungi. Nikamaliza peke yangu.

Mama Teresia akanisogezea kigoda. "Pole, mwanangu. Sasa mimi?"

Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Majembe yote yalikuwa mikononi mwao, na hakuna aliyeinua lake. Nikakaa, nikaimba, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho aliporidhika.

Sikupiga muziki tena. Vijana mnaniulizanga umaarufu ulinipa nini. Mama alizikwa.