Mume wa Soila na Barabara ya Nainokanoka

Soila aliitaka ile barabara kuliko mtu yeyote pale Nainokanoka. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye walitokea watu wa mjini waliodai kwamba Wamaasai wale hawapendi maendeleo, na maneno hayo hunipandisha hasira hadi leo. Mumewe alikufa kwa kukosa barabara. Mwaka 1996 alishikwa na tumbo, vijana wakambeba kwenye machela ya miti na ngozi kuelekea ukingo wa kreta, walikotarajia kupata gari, akakata roho njiani. Alikuwa mzee wa heshima, na wa namna hiyo kwao haachwi porini, basi wakamzika palepale kando ya njia na kumfunika kwa mawe. Kila aliyepita aliongeza jiwe moja, kisha akaendelea na safari yake.

Mimi ni mtu wa Machame, nilikuja huko na duka langu la sukari, majani ya chai na betri. Soila alikuwa mteja wangu, na mengi ya kwao nilijifunza kwake. Kwao mtu akishafariki jina lake halitamkwi tena, hasa na mke na watoto. Kulitamka ni kumsumbua aliyelala, na ni kukaribisha msiba mwingine bomani. Miaka yote hiyo sikumsikia Soila akilitaja jina la mumewe. Alisema tu "yule mzee", nasi tukaelewa.

Mwaka 2006 mkandarasi akaja kuipanua njia. Alikuja pamoja na Judith, binti wa Moshi, afisa wake wa mazingira na jamii. Simsemi vibaya Judith, maana alizunguka boma kwa boma kwa miguu, akauliza kila mti na kila chemchemi ni vya nani. Akaitisha mkutano. Akaeleza kwamba sheria inataka makaburi yaliyo njiani yajulikane na kuhamishwa kwa heshima, kwa gharama ya mradi. Ndugu ajitokeze, alitaje jina la marehemu mbele ya mashahidi na kutia dole gumba.

"Kuna mwenye kaburi hapa?" akauliza.

Watu wakatazama chini. Soila alikuwa amekaa mbele kabisa, shuka mdomoni. Judith akasubiri, akauliza tena, halafu akaandika kwamba makaburi hayapo.

Kesho yake Soila aliniomba nimsindikize kambini kwa mkandarasi. Mwanawe, Simel, naye alikuja.

"Pale kwenye mawe kuna mtu wangu," Soila alimwambia Judith.

"Pole sana, mama. Anaitwa nani?"

"Ni baba yake Simel."

"Sawa, mama, lakini jina lake hasa?"

Soila akaivuta shuka mdomoni. Simel akatazama nje. Uvumilivu ukanishinda.

"Dada, jina mimi nalijua. Andika, nitalitaja."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Jirani."

"Basi haifai, kaka Elisaria. Wakubwa wataniuliza ndugu yuko wapi. Bila ndugu kulitaja, kwao yale ni mawe tu." Akamgeukia Soila. "Nitawaomba wa greda wasubiri mpaka Ijumaa. Zaidi ya hapo sina uwezo, mama yangu."

Nilitoka pale nikiilaani sheria hiyo na walioiandika, watu ambao wafu wao wamelala chini ya misalaba yenye majina.

Ijumaa greda likaja. Soila akasimama mbele ya mawe, mwembamba, peke yake. Hakulia. Alilitamka jina la mumewe mara moja, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya korongo. Wanawake wakajifunika nyuso. Simel akageuka, akaondoka kwa haraka, na kwa miezi mingi hakukanyaga nyumbani kwa mama yake. Nililia mbele ya vibarua, mtu mzima mimi, na sikuona haya.

Judith akaliandika, Soila akatia dole gumba, na baada ya hapo kila kitu kilifuata sheria. Mifupa ilifungwa kwa kitambaa kipya, ikapandishwa mlimani kidogo, ikajengewa kwa saruji. Mawe ya zamani yalisukumwa yakawa kifusi cha barabara. Kazi ilipokamilika Judith akaja mwenyewe kumchukua Soila, uso ukimng'aa, kwa kuwa aliamini amemtendea mema.

Juu ya saruji palikuwa na maandishi ya rangi nyeusi. Soila hakujua kusoma.

"Hii ni nini?"

"Ni jina lake, mama. Sasa kila anayepita barabarani atalisoma."

Judith akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza kumsomea taratibu. Soila akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Mmemtoa alikolala, na bado mnamwita. Aje wapi?"