Marahaba ya Mzee Mbaruk

Mzee Mbaruk anauza kufuli, bawaba na makomeo katika duka aliloachiwa na baba yake hapa Kariakoo, ukuta mmoja na mimi ninayeuza masufuria. Miaka yote ya ujirani wetu sijawahi kuona kibao wala tangazo mlangoni pake. Tangazo lilikuwa koo lake. Akinadi "Karibu mteja, chuma hiki, si bati!" hata wasukuma mikokoteni walikuwa wakigeuka. Mimi Mchaga nina mdomo, wanaonijua watakwambia, lakini kwa Mwarabu yule nilikutana na kiboko yangu. Asubuhi sijafungua hata mlango: "Mama Joyceline, leo umeamka salama au tukupishe njia?" Namtukana kidogo, anacheka, siku inaanza.

Kisha akapata saratani ya koo. Madaktari wakasema kiungo chote kinachotoa sauti kitolewe, la sivyo atakufa. Binti yake Samah, aliyesomea kompyuta, hakukaa akalia. Kabla ya upasuaji alimketisha baba yake nyuma ya duka akamrekodi: maneno ya biashara, dua, majina ya watu wa nyumbani, hata matani yetu ya asubuhi. Niliwasikia kupitia ukutani. Mzee alikuwa akirudia neno "marahaba": ya mteja, ya mtoto, ya mtu aliyekuudhi lakini kakuamkia kwa heshima. Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka.

Samah akatengeneza programu. Mzee akibonyeza kitufe kwenye laptopu, inatoka sauti yake mwenyewe. Mchana ilikaa dukani, jioni alienda nayo nyumbani. Mkewe, Bi Hind, aliniambia, "Wallahi Mama Joyceline, nikiwa jikoni nasahau kama ni mashine." Mjukuu wao Tasneem alizaliwa baada ya upasuaji, kwa hiyo hakuijua sauti nyingine ya babu. Akitoka chekechea na bibi yake alikimbilia kaunta: "Shikamoo babu!" Na mashine inajibu, kwa mvuto ule ule wa mzee, "Marahabaaa, bibi mkubwa!"

Laptopu hiyo hiyo ndiyo iliyotoa risiti za duka. Programu ya risiti ikaletewa toleo jipya, nalo likakataa kufanya kazi kwenye mfumo wa zamani wa laptopu ile. Taimur, mtoto wa kiume wa mzee, akamwita Tarsis, fundi wa kompyuta wa ghorofa ya juu. Tarsis ni kijana wa kwetu Kilimanjaro, mpole, mwepesi wa mikono, na wepesi huo ndio uliotuponza. Akaweka mfumo mpya. Risiti zikatoka, sauti ikagoma.

Sababu alinieleza mwenyewe baadaye, akilia, nami naieleza nilivyoielewa. Programu, kumbe, hazijitoshelezi. Kuna mafaili ya wote, mafundi wanayaita maktaba, na kila programu inachota humo. Ni kama nyumba ya kupanga kule Buguruni: bomba moja uani, kila mpangaji na mpira wake. Mwenye nyumba akibadilisha bomba, mpira wa zamani hauingii. Risiti zilitaka maktaba mpya. Sauti ya mzee ilitaka ile iliyokuwepo Samah alipoiandika. Kwa fundi mwenye subira zote mbili zingekaa, kila moja mahali pake. Tarsis akairudisha ya zamani kwa nguvu juu ya mpya. Kumbe mfumo wenyewe nao ulikuwa unachota hapo hapo. Laptopu ikazimika, ikakataa kuwaka.

Basi akafanya wanachofanya mafundi wa mtaa huu wakibanwa: kufuta kila kitu na kupiga mfumo upya. Kwanza aliyatoa mahesabu ya duka, maana hayo ndiyo kila mwenye duka anayoyaulizia. Taimur alikuwa bandarini kufuatilia mzigo. Alikuwepo mzee peke yake.

"Mzee wangu, mahesabu nimeshayatoa. Kuna kitu kingine cha muhimu humu?"

Mzee Mbaruk akainua mkono akajigusa koo.

"Kiu? Ngoja nikuletee maji." Tarsis akabonyeza kitufe cha kufuta, akatoka mbio kwenda kununua.

"Tarsis!" nilimfokea aliponisimulia. "Mtu hana sauti, anajigusa koo, wewe unamletea maji ya chupa?"

"Nilijua programu tutaiweka tena, mama. Sikujua rekodi zenyewe zimo humo humo."

Aliporudi alimkuta mzee anapekua droo, anatafuta kalamu. Kwenye kioo kazi ilikuwa imeshaisha. Mzee hakuelewa kilichopita. Kwa adabu yake akaipokea chupa, akashukuru kwa kichwa, akanywa. Hayo maji mpaka leo yananichoma mimi.

Samah ameolewa Maskati. Nakala yake ya rekodi ilikuwa kwenye mkoba ulioporwa Buguruni alipokuwa akijiandaa kuondoka, na hakuweka nyingine. Fundi wa kufufua mafaili alihangaika, akapata kikohozi na nusu ya neno "karibu". Samah akatuma sauti ya kutengenezwa, safi kama ya mtangazaji wa habari. Bi Hind aliisikia mara moja tu.

"Zima," alisema. "Mwanamume huyu simjui. Hatalala nyumbani kwangu."

Sasa vijana wakimwamkia mzee anainua mkono. Wasiomjua wanaondoka wakisema Mwarabu anaringa. Natamani kuwafuata na mwiko. Asubuhi nafungua duka langu na hakuna wa kunichokoza, na sikujua kwamba mtu anaweza kuumwa kwa kukosa kuchokozwa.

Tasneem siku za mwanzo alimwamkia babu akasubiri. Alipoona kimya, akakunja kidevu, akaifanya sauti nzito, akajijibu mwenyewe: "Marahabaaa, bibi mkubwa!" Mvuto ule ule, yaani mzee mtupu. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaliweka chini. Mzee alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika, na tangu hapo kila mchana akawa anaacha wateja, anainama juu ya kaunta, anamngoja mtoto ajijibu.

Alijijibu hivyo kwa muda. Mvuto ukaanza kupungua, kisha ikabaki "marahaba" ya haraka, ya mtoto yeyote. Juzi aliingia na bibi yake, akasema shikamoo, akaushika mkono wa babu, akaenda kukaa kwenye boksi la bawaba na biskuti yake. Mzee Mbaruk alibaki ameinama pale pale juu ya kaunta, anamtazama, anangoja.