Gari la Kuivuta Nyumba ya Verla

Katika uwanja wa trela wa Coyle, kule Wyoming, ambako watu huishi katika nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, mtu akitaka kujua ndoa ya jirani imekaaje hana haja ya kuuliza. Anasubiri siku ya kuhama, anatoka nje na kikombe chake cha kahawa, anatazama. Mume yuko kwenye usukani wa pikapu anarudi nyuma. Mke amesimama kando ya pua ya trela, anampungia mikono: kushoto, kushoto tena, kidogo, simama. Nyuma ya gari kuna tufe la chuma, na tufe hilo lazima likae sawasawa chini ya kikombe cha chuma kilicho puani mwa trela. Dereva halioni. Anaona mikono ya mkewe tu, kiooni. Wapendanao huhitaji majaribio mawili matatu. Wengine hutukanana mpaka mbwa wanaingia uvunguni.

Garland Tidwell matusi hayakumtosha. Akilikosa tufe, alishuka garini akampiga mkewe.

Verla alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza amesimama nyuma ya magari ya Garland. Walihama kila visima vya mafuta vilipohama, mume akichomelea mabomba, mke akipika kambini, na kila kuhama kulikuwa na kipigo chake. Mwaka ule springi za gari la bluu zilipolegea, nyuma ikainama na pua ya trela ikawa inaburuta, Garland alisema Verla ndiye aliyeipanga mizigo vibaya, akamvunja mfupa wa bega. Gia boksi ya gari jeupe ilipoungua mlimani, harufu yake kama mkate ulioachwa jikoni, ni Verla aliyekula makofi kando ya barabara huku malori yakipita. Watu hushangaa mpishi yule alijifunzia wapi magari. Alijifunzia nyuma, kwa kupigwa. Mwalimu wa namna hiyo simwombei mtu, ila somo lake halisahauliki.

Mwezi wa saba Garland alimvunja taya, na safari hii jirani aliita polisi. Hakimu akampa miezi mitatu. Ilipofika Oktoba zikabaki siku nne. Angetoka Jumatatu, na kila mtu alijua atakakokwenda moja kwa moja.

Trela ilikuwa ya Verla. Baba yake alimwachia, hati zikiwa kwa jina lake, futi thelathini za nyumba na jiko alilolipaka rangi ya njano mwenyewe. Dada yake Imogene alikuwa na nafasi ya kuiegesha ng'ambo ya mlima Kessler, mlango kwa mlango na nyumba ya naibu sherifu. Kilichokosekana ni gari la kuivuta, kwa sababu la Garland alilipigiza ukutani siku ileile ya taya. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hao wahenga hawakuwahi kushuka Kessler na tani nne na nusu zikiwasukuma mgongoni.

Alhamisi alikwenda kwenye duka la magari mjini. Muuzaji, kijana wa viatu vinavyong'aa, alimwonyesha pikapu nyekundu iliyooshwa mpaka inakutia aibu kuigusa. Verla akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mbona lina moto?"

"Nimelizungusha kidogo tu, mama, baada ya kuliosha."

"Umelipasha ili lisikohoe mbele yangu."

"Aa, mama! Hili mnyama. Linavuta tani sita, tani sita nzima!"

"Sijauliza linavuta nini. Kuvuta hata farasi anavuta. Linasimamisha nini?"

Kijana akacheka, akatazama nyuma ya Verla. "Mzee wako yuko wapi? Labda nizungumze naye."

"Yuko jela. Saa za kuonana ni Jumamosi, mpelekee salamu."

Akageuka, akatoka dukani. Ugonjwa wa watu wa Coyle ndio huo, na umeua wengi: hununua gari kwa nguvu ya kupanda, wakasahau kwamba kila mlima una upande wa pili. Garland naye alikuwa hivyo. Alijisifu kwa nguvu za farasi za injini mpaka povu likamtoka, na maishani mwake hakuwahi kusoma kile kibandiko cha mlangoni kinachotaja uzito wa mwisho ambao gari linaweza kubeba.

Ijumaa asubuhi, baridi ikiwa bado imeshika vioo, alifika kwa Orrin Busby, mfugaji aliyeuza ng'ombe wake wote na sasa anauza vitu alivyobakiwa navyo. Pikapu ya Orrin ilikuwa ya kijivu, ya dizeli, yenye magurudumu mawili mawili nyuma na bonde ubavuni ilikopigwa teke na fahali. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi. Verla alikisoma kibandiko cha mlangoni mara mbili. Akalala chini kwenye changarawe, akaigonga chesi, ile fremu ya chini, kwa kipini cha kisu asikie kama ina kutu, akanusa oili ya gia boksi, akasimama nyuma mahali pake pa siku zote.

"Washa, mzee."

Liliguguma mara moja likawaka. Moshi mweupe kidogo, kisha hakuna.

"Naomba tuifunge ile trela yako ya majani pale, ilivyo na mzigo wake, tupande nayo Kessler," Verla akasema. "Halafu tushuke."

"Ebo! Dada, unanunua gari au unatafuta mume?"

"Mume nilichukua bila kumjaribu. Unaiona taya yangu?"

Orrin aliiona. Alikwenda kuchukua kofia yake.

Kupanda hakukumvutia Verla. Juu kabisa alipunguza gia, akaondoa mguu kwenye breki, akaliacha gari lishuke lenyewe. Injini ikanguruma, ikaushika ule mzigo kama mtu anavyomshika ng'ombe kamba, na mpaka bondeni aligusa breki mara nne tu. Alishuka akayanusa magurudumu. Hayakunuka breki za kuungua. Hapo alilia kidogo, na Orrin, mzee wa watu, akajifanya anaangalia mawingu. Jioni ile walikubaliana bei, gari la kijivu likawa la Verla.

Jumapili uwanja mzima ulikuwa kanisani. Verla alirudi nyuma peke yake, akishuka kuangalia, akipanda, akishuka tena, mara kumi na moja kwa hesabu yake mwenyewe, mpaka kikombe kikakaa juu ya tufe. Akafunga komeo lake, akaupandisha mguu wa jeki inayoinua pua ya trela. Ikabaki minyororo ya usalama na waya wa taa. Alikuwa ameingia garini, amewasha injini ipate moto kabla ya kuifunga minyororo, ndipo kioo cha mlango kilipomlipukia usoni.

Jela ilikuwa imejaa. Walimwachia Garland siku moja kabla.

Alikuwa na spana ya magurudumu mkononi, aliyoiokota ngazini kwa Verla. Mkono wa pili ukaingia dirishani ukazikamata nywele. "Unakwenda wapi, mke wangu? Eh? Unakwenda wapi na nyumba yangu?" Akaupigiza uso wa Verla kwenye usukani, mara mbili, mara tatu, honi ikilia kila pigo. Pua ikavunjika. Verla alimtia meno kwenye kiganja, akauma mpaka akahisi kitu kinatengana, Garland akanguruma akaachia.

"Sawa!" akapiga yowe, damu ikimchuruzika. "Nenda! Wewe nenda, nyumba inabaki!"

Akakimbia nyuma, akatupa spana, akasimama mguu huku mguu kule juu ya pua ya trela, akalifungua komeo kwa mikono miwili. Verla alimwona kiooni. Alikuwa na dakika moja ya kuchagua kati ya nyumba na maisha yake, akachagua maisha, akakanyaga mafuta. Gari likaruka mtaro mdogo wa maji, kikombe kikachomoka kwenye tufe, na pua ya trela ikamwangusha Garland, ikatua juu ya mguu wake. Mfupa ulilia kama kuni kavu.

Lango lilikuwa wazi mbele yake. Verla alisimamisha gari, akashuka, akaiokota spana. Garland alikuwa amelala chali, uso mweupe, akikwaruza changarawe kwa kucha.

"Verla. Verla, mpenzi. Nitoe."

Alimpiga begani kwa nguvu zake zote, upande uleule wa bega alilovunjwa yeye. Nisikufiche: alisikia raha. Alisikia raha kubwa kuliko yoyote aliyoipata miaka kumi na tisa, na alipoinyanyua spana mara ya pili akaiogopa ile raha, kwa maana ilifanana na mtu anayemjua. Akaitupa uwanjani.

Kisha akaushika mkono wa jeki akaanza kuuzungusha. Pua ikainuka inchi kwa inchi. Garland akauvuta mguu, akapiga ukelele uliowashtua kunguru, akabaki hapohapo, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Verla hakuacha kuzungusha. Alizungusha mpaka kikombe kikafika juu ya kimo cha tufe.

"Piga simu," Garland akalia. "Ita gari la wagonjwa, nakufa."

"Hufi. Nitaita. Kwanza nielekeze."

"Nini?"

"Narudi nyuma. Uko mahali pangu, unaliona tufe, mimi silioni. Nielekeze vizuri, maana nikikosea, kilicho karibu na gurudumu ni kichwa chako."

"Sioni vizuri, mama, naapa! Kizunguzungu..."

"Mimi nilielekeza na jicho limevimba. Tena theluji ikianguka."

Akapanda garini. Damu ilikuwa imemziba pua, akawa anapumulia mdomo. Akaingiza rivasi, akaachia breki kidogo kidogo. Kule chini, kiooni, mkono wa Garland uliinuka kutoka kwenye changarawe, ule wa bega zima. Kushoto. Kushoto tena. Pole pole, pole pole, vidole vyote vimefunguka. Halafu kiganja wazi, juu kabisa: simama! Gurudumu lilikuwa limebakiza upana wa sahani kufika sikioni kwake.

Tufe lilikuwa chini ya kikombe, jaribio la kwanza.

Verla aliishusha pua juu ya tufe, akalifunga komeo, akaipishanisha minyororo, akachomeka waya, akakagua taa moja moja bila haraka. Garland alikuwa analia kimya kimya, machozi yakimwingia masikioni. Verla akamtupia blanketi la mbwa. Alisikitika, ndiyo, ila si kwa ajili yake. Aliisikitikia mikono yake mwenyewe, jinsi ilivyokuwa ikipunga miaka yote ile.

Akapanda garini, akapiga simu, akataja uwanja, akataja lango, akasema mguu umevunjika, aletwe daktari.

"Mgonjwa ana fahamu?" mwanamke wa upande wa pili akauliza.

"Anazo. Leo ndiyo kazipata."

"Na wewe ni nani wake, mama?"

Verla alimtazama mtu yule kiooni. Injini ya kijivu ilikuwa inanguruma chini ya miguu yake, imepata moto, haina haraka.

"Mimi nahama tu," akasema, akakata simu, akaingiza gia, na nyumba yake ikamfuata.