Vyuma Sita vya Sefania

Mzee Sefania wa Mlalo hakuwa na desturi ya kuzima mashine ya kusaga kabla debe la mwisho halijamiminwa. Mwaka ule wa sabini na tano dizeli ya kijiji ilipimwa kwa chupa, na kuiwasha ile mashine kwa mkono kulitaka mabega ya watu wawili. Chakula aliletewa palepale, akala na unga wa watu kichwani. Kwa mambo ya mikanda na magurudumu hakuna aliyemfikia, na wa kwanza kukwambia hivyo alikuwa yeye mwenyewe.

Ndiyo maana Bi Mwanaisha, mkunga wa zahanati, alimpelekea yeye pikipiki yake. Ilikuwa ndogo, ya pedali, isiyo na gia za kuingiza kwa mguu wala mkono; ukitia moto inajibadilisha yenyewe.

"Shikamoo mzee. Hii ikipanda mlima inalia mno. Naogopa itapasuka."

"Marahaba, mwanangu. Iache hapo."

Akaifungua. Mkanda wa mpira ulitoka puli ya mbele kwenda ya nyuma. Puli ya mbele ilikuwa sahani mbili, na nyuma ya sahani moja vilijificha vyuma sita vidogo, kila kimoja na tundu katikati. Injini ikikaza mwendo, vyuma vinarushwa nje na kuisukuma sahani. Sahani inaubana mkanda hadi unapanda juu. Puli ndogo inageuka kubwa, na pikipiki inakwenda mbio. Sefania alicheka peke yake kwa furaha. Alimpenda mtu aliyebuni kitu kile, ingawa hakumjua.

Ila vyuma aliviona vyepesi. Kwenye mashine yake gurudumu zito ndilo lililovunja mahindi magumu. Uzito ndio nguvu, nani asiyejua? Akayeyusha risasi ya betri kuukuu, ile metali nzito ya ndani, akajaza matundu yote sita.

Bondeni pikipiki ikawa inakwenda kimya. Watu wakamsifu, naye sifa hakuzirudisha. Lakini mvua zilipokatika na Bi Mwanaisha akaanza tena safari za Malindi, kijiji cha juu mlimani, pikipiki ilifika kona ya mikaratusi ikanguruma kizito, ikazima. Kila safari, pale pale. Watu wakalaumu petroli. Sefania naye akalaumu petroli, tena kwa sauti kuliko wote.

Binti yake Raheli alikuwa ameolewa hukohuko Malindi, na mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa mwisho. Mtoto wa kwanza wa Raheli alikufa wakati mkunga wa zamani yuko njiani kwa miguu. Sefania aliijua kila kona ya njia ile, na kila jioni aliipanda moyoni.

Siku moja yaliletwa mahindi mabichi kidogo, mashine ikazidiwa. Sefania akafanya alivyofanya miaka yote: akauhamishia mkanda kwenye puli ndogo ya injini, iende taratibu lakini kwa nguvu. Mkono ukamganda juu ya mkanda. Puli ndogo ndiyo ya kazi ngumu! Risasi yake ilikuwa ikiigeuza puli ya pikipiki kuwa kubwa mapema mno, mlima haujaisha, injini haijashika kasi. Ile kelele ya mwanzo haikuwa ugonjwa. Ilikuwa injini inafanya kazi yake.

Angeweza kuiomba pikipiki kwa kisingizio cha kuipaka grisi. Badala yake alikwenda zahanati, akasalimiwa, akasahau kuitikia.

"Mwanangu, si petroli. Ni mimi."

Bi Mwanaisha alimsikiliza hadi mwisho. "Mzee, nimesukuma wiki mbili. Jumanne nimemkuta mama wa watu kajifungua peke yake."

"Nimesikia."

"Basi fungua," akasema, na hakutabasamu.

Waliitoa risasi kwenye moto wa jiko la zahanati. Kisha Sefania akavipima vyuma kimoja kimoja kwa mizani ya dawa, kwani kimoja kikizidi wenzake puli inayumba; Bi Mwanaisha akawa anasoma, mzee anaondoa kwa tupa risasi iliyosalia. Aibu ilimchoma, lakini alipima hadi cha sita.

Alhamisi asubuhi mkwewe alishuka kutoka Malindi akihema: Raheli ameshikwa na uchungu. Bi Mwanaisha akafunga mkoba nyuma ya pikipiki, akaondoka. Foleni ya akina mama mashineni ilikuwa ndefu, mahindi yakiwa nusu njia ndani ya pipa.

Sefania akazima mashine.

"Mzee! Dizeli yetu!" akafoka Hadija, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Nyamazeni, nawaomba. Nisikie."

Kutoka mlimani ikaja sauti nyembamba, kali, ya kulia.

"Inakufa hiyo," Hadija akanong'ona.

"Haifi. Ikilia hivyo ndiyo inapanda."

Sauti ikafika kona ya mikaratusi. Ikapita kona. Ikaendelea kulia, ikipungua kwa umbali tu, hadi mlima ukaimeza.

Sefania akashika mkono wa kuwashia mashine, ukamshinda mara mbili. Hadija akaweka debe lake chini, akaja kushika naye.

Mjukuu alizaliwa mzima saa saba mchana. Siku ya ubatizo mchungaji aliuliza jina mara mbili, maana kanisani kwao halikuzoeleka. Sefania akamjibu kwa sauti iliyofika benchi la nyuma: "Mwanaisha."