Ratiba Iliyovunjwa kwa Mukimo

Kaari, karani wa Meru mjini, hula kwa saa. Alfajiri ni ndizi moja ya Mitunguu, kisha mbio, kisha mayai mawili na sukuma wiki. Ikifika saa kumi na mbili jioni sufuria hufunikwa, na atakayemletea mandazi atajua hajui.

Aliyeweza kuivunja ratiba hiyo ni mamake tu. Kila Jumamosi alimrundikia mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa akifoka, "Umekonda, Kaari! Kwani huko mjini hakuna chakula?" Kaari alikula amenuna.

Walimzika mama mwezi wa nane. Sasa kilo kumi na mbili zimeyeyuka, na ofisi nzima inamsifu. Jumamosi bado huenda kwao, hukaa kando ya jiko lililopoa, na hakuna wa kumfokea kwamba amekonda.